Tezi ya Bhoke na Chuma Changu

Alhamisi. Mvua ilipiga tangu jana jioni, leo jua limetoka kwa hasira. Ulezi nimeuanika uwanjani, kuku nimewafukuza mara nne, na sasa nimekaa kwenye kigoda changu na simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja. Moyo wangu ni mwepesi leo. Una aibu pia. Nitaeleza vyote viwili, msinikimbize.

Kwanza niwakumbushe mnaosoma hapa. Mimi nilifika darasa la tatu, halafu baba akaona ng'ombe wananihitaji kuliko mwalimu. Kuandika nilikuja kumalizia kwenye kisomo cha watu wazima, na mtoto mgongoni. Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu Nyangi, na nimemkataza kugusa maneno yangu. Mwezi uliopita kuna mtu aliandika hapo chini eti bibi punguza ukali. Sipunguzi.

Leo naandika habari za mke wangu.

Ndiyo, mke wangu. Ninyi wa Dar msianze kuniandikia maswali yenu. Huku kwetu Wakurya mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake, ili nyumba yake isife. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi nilizaa mabinti wawili, wakaolewa, wakaenda. Mzee wangu naye akaniacha, akaingia kaburini. Nikabaki na boma tupu, huku tunaita mji, na ng'ombe. Basi nikachukua ng'ombe wangu mwenyewe, nikaenda nao kwa wazazi wa Bhoke kule Mbalibali, nikamleta hapa Nyambureti awe mke wa nyumba hii. Watoto aliozaa ni wa nyumba hii. Yeye ananiita mama, watoto wananiita bibi. Hatulali kitanda kimoja, msiwe wajinga.

Bhoke hakuchagua sana. Hilo nalijua. Wiki ya kwanza alikuwa analia akisaga, na mimi nilijifanya sisikii. Nilimwambia tu, unga wa machozi unaota ukungu. Hayo ndiyo maneno matamu niliyokuwa nayo wakati ule.

Lakini alikaa. Akazaa Nyangi, akazaa na wengine. Nyangi amesoma, sasa yuko Mwanza kwenye maabara ya hospitali, anaangalia vipande vya watu kwenye hadubini. Kazi gani hiyo, niliwahi kumuuliza, kuangalia vipande vya watu? Akasema, bibi, wewe mbona unaangalia matumbo ya mbuzi kutafuta dalili? Mtoto ana mdomo, na najua ameutoa wapi.

Sasa tezi.

Ilianza wakati wa kuvuna ulezi. Nikaona Bhoke anajifunga kitenge shingoni, kwenye joto lile. Siku ya kwanza nikavumilia. Siku ya pili nikamwambia, vua hicho kitambaa, au umekuwa bibi harusi tena? Akavua polepole. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe. Wakati ule ulikuwa kama punje ya njugu mawe.

Nikamkamata kidevu, nikapapasa.

Lazima muelewe kitu kuhusu vidole vyangu. Tangu nikiwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kupapasa ndama chini ya masikio. Kupe akimng'ata ndama, ndigana inaingia, na tezi ya chini ya sikio ndiyo inavimba kwanza. Baba alinifundisha kuijua kabla ndama mwenyewe hajajua kama anaumwa. Na alinifundisha na dawa yake. Unachukua chuma, unakitia kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, unachoma pale kwenye tezi. Unauchoma ugonjwa ukiwa bado nyumbani kwake. Hivyo ndivyo tulivyosema. Chuma chenyewe ninacho mpaka leo: ni ncha ya mkuki wa baba uliovunjika, nimeichomeka kwenye gunzi la muhindi iwe mpini. Magunzi yameungua mengi. Chuma ni kilekile.

Bhoke alijua ninachofikiria kabla sijafungua mdomo.

"Mama," akasema, "mimi sio ndama."

"Ungekuwa ndama ungekuwa umeshanyamaza," nikamwambia. "Kaa hapo."

Akakaa.

Niandike haraka kabla sijaghairi. Nilimchoma. Nilikitia kile chuma kwenye makaa ya jikoni, nikakiacha kipoe kidogo kwa sababu ngozi ya mtu ni nyembamba, nikamshika kichwa kwa mkono wa kushoto, nikampiga mistari miwili shingoni, juu ya ile tezi. Alitoa sauti moja tu, fupi. Halafu akaamka akaenda kugeuza ugali uliokuwa motoni.

Nilijisikia nimefanya kazi nzuri. Nawaambia ukweli. Jioni ile nilikunywa uji na nikashiba.

Wiki iliyofuata ile mistari ikatoa maji. Nikasema, safi, ubaya unatoka. Kisha maji yakawa usaha. Nikasema, unaona, unatoka wote. Na tezi nayo ikazidi kukua, ikawa kama yai la njiwa, na Bhoke akawa hawezi kugeuza shingo akiitwa. Anageuka mwili mzima, kama ng'ombe mwenye nira. Nikaacha kusema.

Siku moja akapigiana simu ya picha na Nyangi. Nyangi akaiona shingo ya mama yake. Nikamsikia mtoto anafoka huko Mwanza kana kwamba yuko hapa uwanjani: "Kesho mnaenda Mugumu hospitali. Sio keshokutwa. Kesho." Nikasema moyoni, huyu anamfokea nani? Lakini tulienda.

Daktari tuliyempata ni kijana mpole, Kiswahili chake cha pwani, kila neno limepigwa pasi. Shikamoo bibi. Marahaba mura. Mura ni kijana kwetu. Akampapasa Bhoke shingo, akampapasa makwapa, akampapasa tumbo upande wa wengu. Nikaona, ehe, huyu naye amekulia zizini, anajua tezi zilipo. Akamwambia afungue mdomo. Akakuta jino la nyuma limeoza, upande uleule wa kushoto, ambalo Bhoke alikuwa amelificha kama alivyoificha shingo. Halafu akaangalia kile kidonda. Akakiangalia sana.

"Hapa kulitokea nini, dada?"

Bhoke hakuniangalia.

"Uji, daktari," akasema. "Uji uliruka."

"Uji wa moto sana huo," akasema yule kijana, akaandika.

Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi, na mkoba wangu mapajani. Mdomo wangu huu, ambao hata mwenyekiti wa kijiji anauogopa, haukufunguka. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Nilivihesabu na vyote vilikuwepo.

Walimpima damu, kile kipimo ambacho kila mtu anakiogopa, kikawa salama. Wakampa vidonge na dawa ya kuosha kidonda. Wakasema turudi. Tuliporudi tezi ilikuwa bado imekaa palepale kama mgeni asiyeaga. Daktari akasema, hii imekaa muda mrefu, nataka niitoe niipeleke ikaangaliwe. Inaweza isiwe kitu. Inaweza ikawa TB ya tezi, inaweza ikawa saratani. Sijui, mpaka ikaangaliwe.

Nilimpenda kwa kusema sijui. Watu wengi wakubwa kuliko yeye hawaliwezi neno hilo. Mimi mmojawapo.

Wakamkata, wakaitoa tezi, wakaitia kwenye kichupa, ikaenda Mwanza. Kidonda cha kisu kilipona vizuri na nyuzi zikatolewa, na sisi tukabaki tunasubiri.

Sitaki kuandika sana habari za kusubiri. Nilimwomba Mungu kanisani, na wazee wa kaburini nikawaambia pia, kwa tahadhari. Nilimkataza Bhoke kubeba maji. Nilipika mimi. Alinikuta nachuja maziwa akasema, mama, toka nije mji huu sijawahi kukuona unachuja maziwa. Nikamwambia kama unataka kuona vitu vipya nenda mbugani ukaangalie twiga. Nilimfokea kila siku. Nilimfokea asubuhi kwa kuamka mapema na jioni kwa kuchelewa kulala. Kwa sababu ningenyamaza angejua kwamba naogopa, na mimi nikiogopa mji huu wote unaogopa, mpaka mbwa.

Nilikuwa naogopa hivi: kwamba Bhoke atakufa, na kwamba ni mimi niliyeuamsha ule uvimbe kwa moto wangu. Nilimleta kwa ng'ombe, nikamtoa kwa chuma. Hilo ndilo lilikuwa linazunguka kichwani.

Leo asubuhi simu imelia nikiwa na ungo mkononi.

"Bibi, kaa chini," akasema Nyangi.

"Nimekaa." Sikuwa nimekaa. "Sema."

"Majibu ya mama yametoka. Nimempigia hapatikani."

"Simu yake haina chaji. Sema, Nyangi, au nikufuate huko Mwanza kwa miguu."

"Sio saratani, bibi. Na sio TB. Tezi yake ilikuwa kazini tu."

Sasa ndipo nilipokaa. Kigoda kilikuwa mbali, nikakaa kwenye ulezi.

Nilipopata pumzi nikamwuliza, kazini? Tezi ina kazi gani zaidi ya kuvimba? Nyangi akacheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyelia kwanza. Akanitumia picha. Akasema hiyo ndiyo tezi ya mama, imekatwa nyembamba kuliko karatasi, ikatiwa rangi, ikawekwa kwenye hadubini. Daktari mkubwa wa kule ndiye aliyeisoma, na yeye Nyangi akaomba aruhusiwe aangalie.

Nimeiangalia hiyo picha leo mpaka simu imepata moto. Ni rangi ya zambarau. Imejaa vitone kama ulezi uliomwagwa kwenye ungo, na vitone hivyo vimejipanga duara duara, kama miji yetu ya zamani, uzio nje na watu ndani. Nyangi akasema hivyo vitone ni seli, chembe hai za mwili. Ndani ya yale maduara wanafundwa. Kweli, alisema wanafundwa, nikampenda. Mdudu akiingia mwilini, seli zinakimbilia kwenye tezi iliyo jirani, zinajifunza sura ya yule mdudu, na zile zinazoweza kumshika vizuri ndizo zinabaki. Zile zisizoweza zinakufa.

Nikamwambia, hizo ni shughuli za unyago. Akasema, kali kuliko unyago.

Halafu akaivuta picha kwa karibu akanitumia nyingine. "Angalia hii bibi, iliyo pembeni ya duara. Hii imeshahitimu. Unaona kiini chake kiko wapi?"

Nikaona. Seli nyingine zote kiini chao kimekaa katikati, kama kiini cha yai kinavyotakiwa. Hii moja kiini chake kimesukumwa mpaka ukingoni, karibu kitoke. Nikadhani ni mgonjwa, nikasema, hii imeharibika. Nyangi akasema hapana bibi, hii ndiyo fundi. Imesogeza kiini chake pembeni ili ipate nafasi ya kufanyia kazi. Sehemu yote iliyobaki ni karakana. Inatengeneza kingamwili usiku na mchana, na inatengeneza aina moja tu, ile iliyojifunza, inaimwaga kwenye damu ikamkamate yule mdudu popote alipo.

Nikarudi kuiangalia tena.

Imesogeza kiini chake pembeni ili ipate nafasi ya kufanyia kazi.

Mimi hiyo naijua. Hiyo inalala nyumba ya pili kutoka hapa nilipokaa. Ilikuja hapa ikiwa na miaka ya kusuka nywele na kucheza ngoma, ikasogeza mambo yake yote ukutani, ikaanza kufanyia kazi nyumba ambayo haikuwa yake. Mimi miaka yote hii nilidhani Bhoke ana moyo wa pembeni, hasemi, hachekicheki hovyo. Kumbe moyo wake ameusogeza tu, sisi wengine tupite.

Sasa msidhani yaliishia hapo. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamwuliza Nyangi, kama tezi ilikuwa kazini, ilikuwa inafanya kazi ya nini muda wote huo?

Akanijibu polepole.

"Jino, bibi. Jino lilianza. Tezi ile ndiyo inalinda upande ule wa mdomo."

"Ehe."

"Na ngozi ya shingo. Kile kidonda. Kilikuwa na wadudu, na tezi ile ile ndiyo ilikuwa inahangaika nao. Ndiyo maana haikupungua. Kila ikitaka kupumzika inaletewa kazi nyingine."

Nikasema, "Uji uliruka."

"Bibi," akasema Nyangi, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Uji gani huo unaoruka mistari miwili, imenyooka kama imepigwa rula?"

Kuku wamekula ulezi wangu wakati huo, na sikuwafukuza.

Huyu mtoto amekulia kwenye mji huu. Ndama wote wa mji huu wana mistari miwili chini ya sikio. Alijua tangu siku ile ya simu ya picha. Ndiyo maana alifoka vile. Alikuwa ananifokea mimi.

Nikamwuliza, na ndama je? Maana nilitaka angalau ndama wabaki upande wangu. Akasema kwa ndama ni habari nyingine kidogo, yule mdudu wa kupe anaingia humohumo ndani ya tezi na kujificha kwenye seli zake, kwa hiyo wazee hawakukosea kuiangalia tezi. "Walijua mahali, bibi. Mahali walipajua kabisa. Lakini moto hauwafikii wale wadudu. Unaongeza kidonda tu." Aliyepona alipona mwenyewe, au kwa dawa ya bwana mifugo.

Walijua mahali. Asante mjukuu wangu kwa kuniachia hilo. Nilihitaji kitu cha kushika.

Lakini nimefikiri tangu asubuhi. Maisha yangu yote nilidhani tezi ni nyumba ya ugonjwa. Kumbe ni jiko linalopika dawa. Niliona moshi unatoka jikoni kwa watu, nikasema nyumba inaungua, nikaenda na moto kulichoma jiko. Na mpishi ndani anahangaika, anapika, mimi nampiga chuma.

Nyangi aliniambia jambo lingine kabla salio halijamwishia, na hili ndilo siwezi kuliacha. Nilimwuliza wale mafundi wanakwenda wapi kazi ikiisha. Akasema wengi wanakufa palepale. Lakini wachache wanaondoka tezini, wanasafiri na damu mpaka kwenye uboho wa mifupa, wanakaa humo, na wanaendelea kutengeneza ile kingamwili yao moja, kidogo kidogo, miaka na miaka. "Wewe uliugua surua ukiwa mtoto, sivyo bibi? Basi mpaka leo mifupani mwako kuna kingamwili za ile surua zinatengenezwa. Ndiyo maana hukuugua tena."

Surua ile naikumbuka. Nililala gizani kwa sababu macho yalikuwa hayawezi mwanga, na mama yangu alikaa mlangoni akiziba mwanga kwa mgongo wake. Alikaa hivyo siku zote za ugonjwa. Alichambua mboga pale mlangoni, alikula pale, watu walimsalimia pale. Uso wa mama yangu nimeshaanza kuusahau, nawaambia bila kuficha. Mgongo wake siusahau. Na sasa mtoto ananiambia kwamba kuna kitu kilianza kazi mwilini mwangu siku zilezile, na hakijaacha. Hakuna aliyekiambia kwamba mama amekufa, kwamba mimi nimezeeka, kwamba surua yenyewe imepita. Kinafanya tu.

Halafu nikaamka kwenda kumtafuta Bhoke, maana nilikuwa nimekaa na uzima wake mfukoni kama mchoyo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nimezoea kuanza kwa kufoka ili nipate njia ya kuongea. Nikafoka kwamba simu isiyo na chaji ni jiwe. Kisha nikamwambia. Sio saratani. Sio TB. Tezi ilikuwa kazini.

Kisu kikamwanguka. Hakulia, hakupiga kelele. Aliangalia mikono yake juu na chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake anakagua kama ndicho. Halafu akaniangalia mimi.

"Mama, mbona macho yako hivyo?"

"Vumbi la ulezi."

"Mvua imenyesha usiku kucha, mama. Vumbi limetoka wapi?"

"Menya mihogo."

Akamenya. Nikakaa chini kwenye maganda karibu naye, na magoti yangu hayapendi kukaa chini. Nikachukua muhogo mmoja nami nikamenya. Baada ya muhogo wa tatu nikasema. Nilisema kwamba kile chuma kilikuwa kosa. Kwamba tezi haikupungua kwa sababu ya kidonda nilichomtia. Kwamba Nyangi anajua. Sikusema samahani, kwa sababu sijawahi kulisema na lilinikwama, lakini nilisema "kosa langu," kwa Kikurya, mara mbili, na kwa Kikurya ni zito zaidi.

Bhoke akaendelea kumenya.

"Nilijua hakitasaidia," akasema.

"Ulijua? Sasa kwa nini ulikaa?"

"Ulikuwa unatetemeka, mama. Mkono wa chuma ulikuwa unatetemeka. Sijawahi kukuona hivyo." Akatupa ganda. "Halafu ule mkono mwingine ulikuwa umenishika kichwa. Tangu nitoke kwa mama yangu hakuna mtu alikuwa amenishika kichwa vile."

Nilitaka kufoka. Nikachukua muhogo mwingine.

Nikamwuliza, "Na kwa daktari? Uji wa nini?"

"Ulikuwa umevaa gauni lako la kanisani," akasema. "Ningekuaibishaje mbele ya watu, umevaa gauni la kanisani?"

Kisha akacheka, huyu mwanamke. Alicheka mpaka akashika shingo kwa sababu kovu lilimvuta, na mimi nikacheka, na tukakaa pale kwenye maganda ya mihogo kama wehu wawili, mpaka mbuzi wakaja kuangalia.

Basi hayo ndiyo ya leo. Nimeyaandika mwenyewe ili msiyasikie kwa watu wengine, maana kijiji kina midomo, na mimi napenda habari zangu zitoke kwangu. Na kama unasoma hapa na wewe ni mtu wa Nyambureti, au Nyangoto, au popote wanapochoma, na una chuma chako kwenye paa la jikoni: najua unacho. Mtu wako akivimba tezi, mpeleke aangaliwe. Kiache chuma. Usibishane na mimi, mimi ndiye niliyekishika.

Kesho tunaenda Mugumu, Bhoke na mimi, kwa yule daktari kijana, aandike majibu kwenye kadi na lile jino ling'olewe. Nimeshatoa chuma kwenye paa. Nimekifunga kwenye gazeti, nimekitia kwenye mkoba pamoja na kadi ya Bhoke. Gunzi nimelichomoa nimelitia motoni. Gauni la kanisani nimelipiga pasi.

Nyangi anasema si lazima, daktari ameshaelewa, hawa madaktari huwa wanaelewa. Labda. Lakini kwenye daftari lake kumeandikwa uji, na kwenye daftari hilo jina ni la mke wangu, na mke wangu si mwongo. Alidanganya kwa ajili yangu mara moja. Inatosha.

Nitamsubiri anisalimie kwanza. Shikamoo bibi. Marahaba mura. Halafu nitaweka chuma juu ya meza yake, nitamwambia: futa pale ulipoandika. Uji ule ni mimi.